Kitambaa cha Mama Mukubwa

Mimi ni mtu wa kujivuna. Nalisema mapema, asiyependa watu wa namna hiyo aondoke kabla wali haujaiva. Hapa Kasongo hakuna arusi kubwa inayopikwa bila mimi kuitwa, hata kama ni kuitwa kuonja tu, na mwezi uliopita, tulipokusanyika kumsomea arobaini Mama Mukubwa Zuhura, sikuruhusu mtu mwingine aguse sufuria ya wali. Tulijaa uani kwake, wanawake waliowahi kupika chini yake, wengine sijawaona tangu usichana wetu. Mmoja alikuja kwa pikipiki kutoka Salamabila, vumbi la njia nzima likiwa usoni pake. Na kila mmoja alikuwa na kipande cha kikwembe, yaani kitenge, kimechomekwa kiunoni upande wa kulia, kama ilivyo desturi ya wapishi wa mji huu. Mabinti wa siku hizi wanafikiri ni pambo. Wanachagua rangi, wanashindana kwa maua. Nilipoviona vile vitambaa vyote kwa pamoja nikakaa juu ya kinu kilicholazwa nikalia, wenzangu wakanipa pole ya msiba. Niliipokea. Lakini msiba nilikwisha kuulilia. Siku ile nilikuwa naulilia mwaka mmoja, ule wa kwanza niliofika katika ua huo nikitoka kwetu Wamaza, msichana mrefu mwenye maneno mengi na mkono usioogopa moto.

Mama Mukubwa alikuwa dada mkubwa wa mama yangu, ameolewa mjini, na kazi yake ilikuwa kupika arusi. Chumba alichonipa kilikuwa ghala ya mchele. Nililala kati ya magunia, na mpaka leo harufu ya mchele mpya inanipa usingizi. Nyuma ya ghala palikuwa na jiko, paa la mabati lililokuwa jeusi kwa moshi, mafiga ya mawe makubwa, na ukuta mfupi ambao majirani waliegemea kuzungumza. Wali wa arusi wakati ule tuliupika hivi: maji yakikauka, unafunika sufuria kwa kifuniko cha chuma, unapalia makaa juu ya kifuniko, moto unakuwa chini na juu. Makaa hayo lazima yasogezwe, mengine yaondolewe, mengine yaongezwe, na kifuniko kifunuliwe bila jivu kuanguka ndani. Wapishi wa Kasongo walifanya yote hayo kwa mikono mitupu. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yao. Aliyetafuta jani la mgomba au kitambaa aliitwa mgeni, akarudishwa kuchambua mchele. Halafu wageni wakishakula, mpishi mkubwa alibandua ukoko wa chini ya sufuria, akauvunja kwa mkono wake wa kulia, akamwekea kila mwanamke aliyepika naye kipande katika kiganja. Si kwenye sahani. Kiganja kwa kiganja. Usiyepewa ukoko hukupika, hata kama ulishinda hapo tangu alfajiri.

Basi mimi, sijamaliza hata mwezi, siku moja Mama Mukubwa anasalimiana na mgeni ukutani, nikaona wali utaungua. Nikayachota makaa kwa vidole, moja moja, nikafunua kifuniko, nikakiweka chini taratibu kama mtu anayeweka sahani mezani. Wanawake wakageuka. Kisha vigelegele. Mama Mukubwa akanitazama muda mrefu, akasema, "Mutoto huyu iko na mukono wa mupishi." Jina hilo likatoka pale likaenda sokoni, likapita misikiti yote, mpaka Mama Aziza mwenyewe, yule mpishi wa upande wa pili wa mji aliyekuwa akishindana na Mama Mukubwa tangu wote wawili wakiwa wanawali, alikuja kuniona kwa macho yake. Alinishika mkono akaugeuza. "Laini," akasema. "Haina hata sugu. Na haiungui?" Nikamjibu kwamba moto unanijua. Mungu anisamehe kwa kiburi, lakini nani alikuwa amewahi kunisifu kabla ya hapo? Nilianza kutembea na ule mkono nje ya nguo, kama mwenye pete.

Juu ya mkono huo huo, kati ya kiwiko na kifundo, palikuwa na baka. Rangi yake ilikuwa imefifia kuliko ngozi yangu, kavu, na mwili wote ukitoka jasho pale hapakutoka. Baka hilo kila mtu alilipa jina. Jirani alisema ni mba, nikapaka majani. Kwenye duka la dawa nikauziwa pomadi, nikapaka mpaka ikaisha. Nilipokwenda Wamaza kusaidia kuvuna, mama akaliona, akasema kuna mtu amenitupia jicho, na akanipeleka kwa mzee anayechanja. Mzee alinichanja kwa wembe, chale nyingi nyembamba, akasugua dawa nyeusi. Mimi nikawa namuuliza habari za wajukuu zake. Aliniambia tangu aanze kazi hiyo hajaona msichana jasiri namna hii, wanaume wazima wanamlilia. Mama akafurahi sana, akamsimulia kila tuliyekutana naye njiani. Ukitazama sasa unacheka: mji mzima na kijiji kizima walikuwa wakinipigia makofi kwa sababu ya ugonjwa, na mimi nainama napokea.

Arusi iliyovunja mambo ilikuwa ya binti wa mfanyabiashara mmoja wa samaki, watu wengi, sufuria zimepangwa safu uwanja mzima. Nilipewa ile kubwa. Nilikuwa nimeshika ukingo wa kifuniko, makaa bado yamo juu, nikisubiri Mama Mukubwa aondoe chungu cha sombe, mboga ya majani ya muhogo, njiani, na katika kusubiri nikawa namtania rafiki yangu kuhusu bwana arusi ambaye masikio yake hayakulingana. Harufu ikaja. Nikaisikia kabla ya wengine, nikasema kwa sauti, "Nani anaunguza nyama? Angalieni nyama." Mama Mukubwa akageuka. Hakutazama nyama. Alikuja mbio akanipiga mkono kutoka chini, kifuniko kikaanguka, makaa yakatawanyika, na wali wa arusi ukaingia jivu. Kidole changu cha mwisho na cha pili yake vilikuwa vimeungua mpaka ngozi imebaki kwenye chuma. Mimi nilikuwa bado nacheka habari ya masikio.

Kesho yake akanipeleka hospitali kufungwa kidonda. Chumba kilikuwa na meza ndefu, dirisha bila pazia, na benchi ambapo watu walingoja wakisikiliza wote yanayosemwa ndani. Aliyenihudumia alikuwa muganga mmoja wa makamo, wauguzi wote tunawaita waganga, jina lake Ramazani, mpole, mwenye tabia ya kuimba kwa pua. Alikuwa anasugua kidonda kwa dawa, na mimi nikawa natazama nje mbuzi wawili waliokuwa wanapigana. Wimbo ukakatika. Akasugua tena, kwa nguvu kidogo. Nikamwambia yule mbuzi mwekundu atashinda. "Dada," akasema, "fumba macho." Akachukua kipande cha pamba akakisokota ncha. Alisema kila nikisikia amenigusa nionyeshe mahali kwa kidole cha mkono mwingine. Akagusa shingo, nikaonyesha. Shavu, nikaonyesha. Kisha nikangoja. Nikangoja mpaka nikadhani ameitwa nje. "Fungua," akasema. Pamba ilikuwa juu ya baka langu, anaipitisha kwenda na kurudi. Nilidhani anafanya kiini macho. Akakunja mkono wangu, akapapasa nyuma ya kiwiko, akapata mshipa umevimba kama kamba chini ya ngozi. Akaenda kufunga mlango, benchi lisisikie, na kwa hilo nitamheshimu mpaka kufa. Ndipo akasema ni ukoma.

Sikulia. Mama Mukubwa ndiye aliyeuliza, kwa sauti yake ya kupanga bei ya mchele. "Inapona?" Inapona, akasema muganga, dawa iko, bure, mwaka mzima bila kukosa. "Na mukono itarudi kusikia?" Hapo muganga akaiweka pamba mezani. Akasema ugonjwa utaisha, lakini kusikia hawezi kuahidi, tungekuja mwanzo baka lilipotoka ingekuwa maneno mengine. "Na kupika?" Ramazani akacheka, cheko la huruma. "Mama, kama ataangalia kwa macho kile mukono haimwambii, atapika mpaka mimi nizeeke." Nikameza dawa ya kwanza mbele yake. Tulipofika uani mwa hospitali Mama Mukubwa akasimama penye kivuli cha ukuta akaniuliza, "Anifa, siku zile zote, ukibeba kifuniko, haukukuwa unasikia kitu?" Nikasema, si moto wenyewe ulikuwa unanijua? Nilimwona anatafuta pa kuweka macho. "Mimi nasikia," akasema. "Kila siku naungua. Tangu nianze. Nanyamaza tu, watu waseme Zuhura ni Zuhura. Nilidhani na wewe unanyamaza." Hapo ndipo nililia. Neno ukoma lilinigonga baadaye, kwa vipande. Lakini kuambiwa kwamba kipaji changu hakikuwa kipaji, kwamba wenzangu wote walikuwa wanaungua na kuvumilia na mimi peke yangu nilikuwa sifanyi lolote, hilo lilinivua nguo palepale.

Mama yangu akapata habari, akaja kunichukua. Walizungumza sebuleni baada ya sala ya adhuhuri, jua kali, mji umelala. Nilikuwa ghalani nachambua mchele kwenye ungo, kati yetu pazia tu, na walijua nipo, lakini watu wazima wakiwa na hasira wanaamini pazia ni ukuta. "Yaya, nipe mutoto wangu," mama akamwambia dada yake mkubwa. "Kule Wamaza tutamujengea kanyumba nyuma ya shamba. Atakuwa na sahani yake. Hakuna mutu atamusema."

"Sahani yake iko hapa."

"Watu wa arusi wakijua, nani atakula chakula yako? Jina lako lote litaanguka juu ya mutoto moja."

Nikaacha kuchambua. Hilo lilikuwa kweli, na nilitaka kusikia atajibu nini. Nikasikia kijiko kinagonga kikombe. "Mudogo wangu," Mama Mukubwa akasema, "muganga alisema akimeza dawa hawezi kumupa mutu ugonjwa. Nilimuuliza mara nyingi mpaka akachoka na mimi. Wewe unataka kumuficha. Mimi nataka apike." Mama akalia, akasema maneno machungu kuhusu mwanamke anayejifanya mama wa watoto wa wenzake. Mama Mukubwa hakuzaa, na neno lile lilimchoma. Lakini alimpakulia chakula, bugali na samaki wa Lualaba kwa mawese, akakaa naye mpaka akala, na asubuhi mama akaondoka peke yake. Mimi nilibaki na ungo wangu.

Arusi iliyofuata, wapishi wote wamefika, Mama Mukubwa alitoka chumbani na kikwembe chake kizuri kuliko vyote, kile cha bluu cha sikukuu, amekichana vipande. Amekichana. Akampa kila mwanamke kipande. "Kuanzia leo," akasema, "katika jiko yangu hakuna mutu atashika chuma ya moto bila kitambaa. Asiyetaka, njia ile pale." Wakacheka, wakidhani mzaha. Akaenda kwenye sufuria kubwa, yeye Zuhura, akazungusha kitambaa mkononi, akafunua kifuniko kama mgeni wa jana. Kicheko kikakatika. Akatumia koleo kuondoa makaa. Nilielewa mara moja, na nikatamani kumzuia. Kama ningeshika kitambaa peke yangu wote wangeuliza kwa nini, mkono wa mpishi umekuwaje. Wakishika wote, hakuna wa kuulizwa. Hakunieleza kitu siku ile wala baadaye. Kabla ya wiki kuisha, Mama Aziza alikuwa ameisambaza mjini: Zuhura amezeeka, mkono wake umekuwa wa bibi arusi, anapika na matambara. Nyumba kadhaa zilihamisha arusi zao kwa Aziza. Mama Mukubwa alisikia yote. Akisikia, alikuwa anakaza fundo la kitambaa kiunoni na kuuliza kama chumvi imetosha.

Siku hiyo ya kitambaa, wali ulipokwisha, alibandua ukoko akagawa. Mimi nilikuwa nimejitenga karibu na mitungi ya maji, mkono nimeufunika kwa kanga. Akaniita. Nikasema nimeshiba. Akaja na sufuria yenyewe, akaiweka miguuni pangu, akanyoosha kiganja chake wazi mbele yangu. "Vunja, unipe mimi." Mpishi mkubwa kuomba ukoko kwa msichana, hilo halikuwahi kuonekana. Nikanong'ona, "Mama Mukubwa, mkono huu?" Akasema, "Uko na ingine ya kulia?" Nikavunja. Akala mbele ya wote, taratibu, akasema umeungua kidogo upande mmoja, ni kosa langu, nirekebishe. Nikaanza kurekebisha.

Mwaka wenyewe ulikuwa mrefu kuliko ninavyousimulia. Dawa iligeuza mkojo kuwa mwekundu, ikanitia weusi usoni, na majirani wakasema ni moshi wa jikoni unanila. Mshipa wa kiwiko uliwaka moto wa ndani, nikarudi kwa Ramazani akaniongezea vidonge vingine, na miezi ile hata kuchambua mchele sikuweza. Kila siku kabla ya magharibi Mama Mukubwa aliniloweka mkono katika karai la maji, akanipaka mawese, akaukagua kidole kwa kidole, ananuna kila akipata mchubuko nisioujua. "Hii nini? Na hii?" Nikajifunza kutazama. Nikajifunza kujua moto kwa rangi ya kaa na kwa sauti ya mvuke, kuliko wenzangu wanavyoujua kwa ngozi. Mwisho wa mwaka Ramazani alisema nimepona, nikaenda nyumbani nikapika wali wa arusi peke yangu, kitambaa mkononi, hakuna punje iliyoungua. Vidole viwili vya mwisho vimekunjika kidogo mpaka leo. Lakini wali ule ulikuwa wangu. Ule wa mwanzo wote, wa vigelegele, ulikuwa wa ugonjwa.

Habari hii Mama Mukubwa hakuisema kwa mtu hata siku moja. Niliwahi kumuuliza, Aziza anakucheka miaka yote, kwa nini humwambii? Akajibu, "Ni mwili wako. Siku utataka, utasema wewe." Aliniachia jambo lile kama alivyoniachia sufuria, akaenda.

Basi siku ya arobaini. Watu wamekula, dua imesomwa, tumebaki wapishi. Mama Aziza alikuwepo, mzee sana sasa, ameletwa akishikwa mikono miwili, amekaa kwenye kiti cha plastiki na kitambaa chake cha maua kiunoni, maana na yeye mwishowe alifuata. Mabinti walimtaka asimulie habari za marehemu. Akasimulia vizuri, kwa upendo, ndivyo wazee wanavyowapenda maadui zao wakishatangulia. Kisha akasema, "Kitu moja tu. Mukono yake iliogopa moto mapema. Zuhura alikuwa simba, lakini moto ulimushinda." Mabinti wakacheka kwa adabu. Nilikuwa nimeshika ukoko tayari kuugawa. Nikauweka chini.

Niliwaambia. Nikasimama nikanyoosha mkono wa kulia, vidole vilivyokunjika, kovu la kifuniko, nikasema mwaka ule nilikuwa na ukoma, huu ndio mkono, na ndio uliowapikia arusi zenu na akika za watoto wenu. Nikasema Zuhura hakuogopa moto. Alikuwa anaungua tangu usichana wake na ananyamaza, na siku moja akaamua aitwe mwoga ili mimi nisiitwe jina la ugonjwa wangu, na vitambaa vyote mnavyoringia hapa vimetoka katika kikwembe chake cha sikukuu. Sauti haikunitetemeka, na hilo pia najivunia. Nikamwambia na yule mwanafunzi wangu wa mwisho kabisa, anayependa kunyakua makaa kwa vidole nikimpa mgongo, kwamba kesho nitamfumba macho nimguse kwa pamba, kama ninavyowafanyia wote wanaoingia jikoni kwangu bila kuwaeleza sababu, na sasa sababu wanayo.

 Nilisikia mtu anavuta kiti. Niliwaona wawili wanatazama ukoko, kisha mkono wangu, kisha chini. Kusema ni rahisi kuliko kungoja.

"Anifa," Mama Aziza akasema. "Alikuwa anajua namucheka?"

"Alijua, mama."

"Miaka yote?"

"Yote."

Akafuta mdomo kwa kile kitambaa chake cha maua. Akajaribu kuinuka, mabinti wakamkimbilia, akawasukuma. Alikuja mwenyewe, anajishikilia ukuta mfupi, mpaka mbele ya sufuria, akanyoosha kiganja. Kilikuwa kigumu, kimejaa makovu madogo ya makaa, kila kovu alilisikia likiingia. "Sehemu yangu," akasema. "Na usinivunjie kadogo."

Nikavunja kipande kikubwa, chekundu kwa mafuta, nikamwekea kiganja kwa kiganja. Alikitafuna taratibu, bila meno ya kutosha, huku akiwatazama wengine mmoja mmoja, mpaka wakaanza kupanga foleni.